Saa Kumi na Moja za Vienna

Mwanatumu, sogeza karai lako,
vitunguu vyanitoa machozi
na mimi sijafika bado pa kulia.
Waniuliza Ulaya nimeona nini.
Ulaya nimeiona kwa kupita,
kama uonavyo ua wa jirani mlango ukiwachwa wazi.

Tiketi rahisi ina lake. Twaha alinambia kwenye simu:
Mama, utashuka Vienna, utangoja saa kumi na moja,
kisha ndege ya pili itakuleta Bergen.
Nikasikia saa kumi na moja, nikadhani jioni.
Nikamjibu, si mbaya, nitakuwa nimeshaswali alasiri.
Alicheka hata nikamkatia simu.
Kumbe ni saa za kuhesabu, si saa za kusoma.

Tumeshuka alfajiri. Wenzangu wakajilaza juu ya viti vya chuma,
mikoba kifuani, kama wanaolinda maiti.
Nami nikakaa. Nikala mahamri mawili ya Kibokoni,
nikamaliza tasbihi, nikatazama saa:
dakika ishirini.
Nikajiambia, Barke,
umelea watoto watano kwa cherehani moja,
leo wewe wa kushindwa na mchana?
Viza ipo, imepigwa muhuri,
imekula pesa ya mitungi minne ya gesi.
Nikatoka.

Baridi ilinipokea kwa kofi, kama mke mwenza.
Nikafunga leso juu ya koti,
nikawa sawasawa na gunia hilo hapo nyuma yako.
Nikanunua tiketi ya saa ishirini na nne,
maana ya safari moja moja ilinitia uchungu,
nikapanda gari jekundu la reli, la kwanza lililokuja,
hadi mwisho wa njia.
Dereva akaniashiria nishuke.
Nikashuka. Nikapanda lile lile likirudi.

Jumba la wafalme nimeliona mgongo.
Mto nimeuona, una rangi ya chai iliyopoa.
Dirishani nikamkumbuka marehemu:
miaka thelathini akiniahidi Tanga,
na Lunga Lunga hatukuivuka.
Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, nikauweka mkoba.

Kisha nikaingia dukani kuota joto.
Iliki, Mwanatumu! Ndani ya kichupa,
punje ishirini, nimezihesabu kwa macho,
kwa bei ya kuku wa kienyeji na miguu yake.
Nikakishika kile kichupa
kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao hospitalini.
Nikakirudisha taratibu.

Na jua la huko ni mgeni asiyeketi.
Limechelewa kuja, saa kumi limeshaaga.
Hujamaliza adhuhuri, alasiri yaikanyaga kisigino.
Nimeswali nyuma ya duka la viatu, juu ya katoni.
Kijana wa duka akaushika mlango kwa mguu
nisipigwe na upepo.
Hakuuliza. Sikueleza.

Nikarudi kiwanjani mapema, mimi si wa kukimbizana na ndege.
Tiketi mkononi, saa kumi na sita zimebaki ndani yake,
nzima, hazijaguswa.
Ningeziwachaje ziende bure?
Palikuwa na msichana apiga deki. Nikampa.
Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena,
akaitia ndani ya soksi,
vile vile afanyavyo huyu Zuhra na pesa za sokoni.

Basi ndiyo Ulaya yangu. Huko kwa Twaha ni theluji na televisheni,
hakuna la kusimulia.
Ila hili msinicheke:
ile ndege ya pili iliruka saa ngapi?
Saa kumi na moja jioni, kwa saa yao na kwa jina letu.
Nimeshaswali alasiri. Na magharibi juu yake.

Zuhra, nipe kisu chenye makali.
Fungueni gunia la pili,
harusi ni kesho na mchele haujachaguliwa.